Harufu ya Siki

Negativu za zamani zikianza kufa hunuka siki. Asiyejua atadhani achari imemwagika kabatini. Ni plastiki yake ya asetati inayooza: joto na unyevu huivunja, tindikali hutoka, na tindikali hiyo hiyo huuchochea uozo. Jelatini iliyobeba taswira nayo huliwa na ukungu. Kwa joto la Dar es Salaam, kazi hiyo haisubiri karne.

Sanduku la negativu za baba mdogo tulilifungua baada ya arobaini yake. Alikuwa mpiga picha wa Keko, jijini humo. Riziki yake ilikuwa pasipoti saizi na harusi. Mapenzi yake yalikuwa mandhari: mteremko wa Keko kuelekea Kurasini, mapaa ya bati, miembe, mawingu mazito ya masika. Hakuna aliyemlipa kwa picha hizo. Alisafisha picha usiku, na sababu haikuwa giza peke yake. Mchana karakana za samani zilikuwa zikipasua na kuranda mbao, na chembe ya vumbi la mninga ikinata kwenye negativu mbichi, hutokea kwenye picha kama jiwe jeupe angani. Maji nayo yalikuwa na vita vyake. Dawa ya kusafishia hutaka nyuzi 20 hivi, na maji ya bomba la Dar hayaujui ubaridi huo. Alinunua barafu, akaijaza kwenye beseni, akasimamisha humo chupa za dawa na kungoja.

Kisha taa nyekundu, kazi ya kuchapa. Akitaka mbingu iwe nzito aliiongezea mwanga, huku kiganja kimekinga mabati yasiungue, mkono ukitikisika muda wote ili usiache alama ya kivuli. Kwenye karatasi ya picha mambo ni kinyume: mwanga ukizidi, weusi unazidi. Picha ya pili haikufanana kabisa na ya kwanza, kwa kuwa mkono haurudii.

Kwa hiyo anayesema kuhariri kulianza na Photoshop mwaka 1990 anaanzia mwisho wa hadithi. Mmarekani Ansel Adams alipiga picha ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, mwaka 1941, na kwa miongo kadhaa aliendelea kuichapa upya. Nakala za mwanzo zina mawingu mepesi juu; za baadaye anga imekuwa nyeusi karibu kama makaa. Mwaka 1948 aliichovya hata sehemu ya chini ya negativu kwenye dawa ya kuikoza. Huyo ndiye mfalme wa mandhari, na mbingu zake alizipika mwenyewe. Siombolezi, basi, ukweli uliopotea. Chumba cha giza hakikuwa mahakama.

Ninachokililia ni ushahidi. Baba mdogo alipoficha kitu, alikificha kwenye karatasi. Kwenye negativu kilibaki. Leo kidole kinafuta na kupotea na kilichofutwa. Wataalamu watanijibu kwamba faili ghafi la kamera halibadiliki. Kweli, likitunzwa. Simu nyingi za mjini hazitunzi, na simu yenyewe mara nyingi huishia kwa kibaka wa kwenye daladala.

Tazama Kilimanjaro: mapema mwaka 1930 rubani Mswisi, Walter Mittelholzer, aliruka na ndege juu ya kilele chake cha Kibo akaipiga picha barafu yake. Picha hizo zimetunzwa katika maktaba ya ETH, Zürich. Barafu yenyewe haikubahatika hivyo: watafiti wamekadiria kwamba takriban asilimia 85 ya iliyokuwapo Kilimanjaro mwaka 1912 ilikuwa imetoweka kufikia 2007. Anayetaka kumuuzia mgeni picha ya ukutani leo anaweza kuukoza weupe wa Kibo kwa kuburuta kidole, na akipenda kuongeza theluji, ataongeza. Hapo ndipo pananiuma. Mlima uliopoteza barafu unaweza kuliliwa. Mlima uliorudishiwa barafu kwenye picha, nani ataulilia?

Keko haina theluji ya kurudishiwa. Kijana wa steshenari alituskania negativu chache zilizopona, mama mdogo akiwa amekaa pembeni yake. Moja ilikuwa ya mteremko, imetapakaa madoa ya ukungu, na pembeni kabisa imesimama nguzo ya umeme. Sikuwahi kuiona nguzo hiyo. Katika kila nakala aliyoichapa, baba mdogo aliiacha nje ya karatasi, nami nimekua nikiamini pale hapakuwa na kitu.

"Ukungu natoa sasa hivi," kijana akasema. Akabonyeza, na programu ikaziba madoa kwa mawingu ambayo hayajawahi kupita Keko. Bila kuulizwa akaifuta na nguzo.

"Hiyo nguzo rudisha, mwanangu," mama mdogo akamwambia. "Ndiyo iliyotuletea umeme. Kabla yake alikuwa akisafishia Kariakoo, kwenye vyumba vya watu, anarudi usiku wa manane."

Kijana akabonyeza kurudi mwanzo. Nguzo ikarudi, na ukungu wake wote, ikabidi aanze upya, doa kwa doa.