Kifaru cha Bati

Mtoto hufinyanga alichokiona, na asipokiona hufinyanga alichosimuliwa. Akiishi karibu na malisho, ng'ombe wa udongo hujaa barazani kwao. Akiishi karibu na reli, kopo tupu hupata magurudumu likawa behewa. Kwa hiyo atakaye kujua mambo yaliyoupitia mji wowote asiishie kuuliza wazee na kufungua vitabu. Na atazame pia vitu vidogo vilivyotengenezwa kwa mikono midogo, maana humo mna historia ambayo haikuandikwa na mtu aliyekusudia kuandika.

Majengo ya Moshi ni mahali panapofaa kwa utazamaji wa namna hiyo. Jina lenyewe latokana na kujenga, na miji mingi ya Afrika Mashariki ina Majengo yake: mtaa wa watu waliotoka kila upande, wakakutana penye kazi, wakajijengea. Mchaga aliyeshuka mlimani, Mpare aliyetoka Usangi na Ugweno, na mtu wa pwani aliyekuja kwa reli ya Tanga, wote walipata hapa ukuta wa kuegemea, na Kiswahili kikawa ua wao mmoja. Katika mtaa huu yupo fundi bati mmoja, mtu wa miaka hamsini na kitu. Mchana hutengeneza makarai, majiko ya mkaa na mifereji ya kukingia maji ya mvua. Jioni, mabaki ya bati yakiwa bado yametapakaa miguuni pake, hutengeneza vifaru. Si wale wenye pembe puani, bali ni vile vyenye mzinga.

Kiswahili kilipohitaji jina la chombo hicho cha vita hakikwenda mbali kulitafuta. Kilimtazama mnyama mzito, mwenye ngozi ngumu, anayekwenda moja kwa moja bila kuuliza kilicho mbele yake, kikachukua jina lake. Walakini lugha haikukubali kuvichanganya viwili hivyo. Mnyama husemwa, "Kifaru huyu amepita", chombo husemwa, "Kifaru hiki kimepita." Silabi chache tu zatenga chenye pumzi na kisicho nayo, na mtoto wa Majengo hazikosei, ingawa hajafundishwa na mtu.

Chombo chenyewe si cha kale. Majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalipoitwaa Moshi kutoka kwa Wajerumani mwezi Machi 1916, yalikuwa na magari ya deraya, lakini kifaru kilikuwa bado hakijaonekana katika vita yoyote duniani. Kilionekana mara ya kwanza Ufaransa, tarehe 15 Septemba mwaka ule ule. Wana wa Afrika Mashariki walikuja kukijua zaidi katika Vita Kuu ya Pili, askari wa K.A.R. walipopelekwa Burma, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikapita katika bonde la Kabaw mwaka 1944. Baadhi ya waliorudi walirudi na masimulizi. Fundi alikisikia kifaru kabla ya kukiona hata kwa picha, kutoka kwa mzee jirani aliyetumikia jeshi hilo, ambaye jioni aliiga mngurumo wake kwa koo lake mwenyewe mpaka watoto wakakimbia.

Kifaru cha kwanza cha fundi kilikuwa cha udongo. Wakati ule watoto wa mtaa hawakutaka zaidi ya umbo: kichwa cha mviringo juu ya kiwiliwili cha pembe nne, na kijiti mbele kuwa mzinga. Mvua za masika zilipokuja, vikosi vyote vilirudi kuwa tope.

Kisha umbo peke yake halikutosha, wakataka mwendo. Waliomba kwa mafundi cherehani vile vigogo vya mti vilivyokwisha uzi, wakachonga meno pembezoni kwa kisu, wakapitisha mpira katika tundu. Upande mmoja waliukaza mpira kwa kipande cha njiti ya kiberiti. Upande wa pili waliweka kipande cha mshumaa kilichotobolewa, na kijiti kirefu juu yake. Kijiti kikizungushwa mpira hujisokota. Kikiachwa, mpira hujisokotoa polepole, na kigogo hutambaa, kikapanda hata ukingo wa mkeka na mgongo wa daftari. Mshumaa ndio uliokuwa siri ya mambo, kwani utelezi wake uliuwezesha mpira kufunguka taratibu badala ya kufyatuka kwa mara moja. Chombo hicho hakikufanana na kifaru hata kidogo, wala hapakuwa na aliyejali. Kilikuwa kikienda chenyewe, basi.

Mchezo ulikuwa umefika hapo vita ilipokuja. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kuwa nchi yote iliyo kaskazini ya mto ule ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa. Maelfu ya wanamgambo waliitwa kutoka mikoa yote, na miongoni mwao alikuwemo kaka yake fundi, kijana wa miaka ishirini na miwili. Fundi mwenyewe alikuwa na miaka tisa. Siku ya kuagana alimwahidi kaka yake kuwa akirudi atakuta kifaru kikubwa, si cha udongo wala cha kigogo, ambacho mtu ataweza kukikalia.

Akakitengeneza. Kopo la maziwa ya unga likawa kichwa, debe lililopasuliwa likawa kiwiliwili, pampu mbovu ya baiskeli ikawa mzinga, na malapa yaliyokatika yakatoa magurudumu sita kila upande. Picha aliyoifuata ilikuwa ya gazeti, na katika picha ile vumbi lilikuwa limeziba magurudumu yote. Kwa hiyo idadi aliikisia. Mzinga aliuinua juu sana, kama pembe.

Moshi haikuwa mbali na vita kama ramani inavyoonyesha. Tangu tarehe 24 hadi 26 Machi 1979 Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana katika mji huo, wakaunganisha vyama vyao katika chama kimoja cha ukombozi, UNLF, chini ya Yusuf Lule. Tarehe 11 Aprili Kampala ikatwaliwa. Majengo ilishangilia pamoja na nchi nzima. Kifaru cha bati kilikuwa tayari, kimepakwa rangi ya kijani iliyobaki kwa mpaka rangi wa jirani. Aliyeahidiwa hakurudi. Mashujaa wengi wa vita ile wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, na fundi alikwenda huko mara moja katika ukubwa wake, akarudi, hakusimulia.

Hata hivyo hakuacha kutengeneza vifaru. Ila mapenzi yake yalibadilika: hakutaka tena ukubwa, wala mwendo, bali usahihi. Alijifunza kuwa Tanzania wakati ule ilikuwa na vifaru vya Kichina, Type 59 na wenzao wepesi Type 62. Kwamba Type 59 ilifuata T-54 ya Warusi, ilikuwa na uzito wa tani 36 na mzinga wa milimita 100, na ilibeba watu wanne. Alijifunza, zaidi ya yote, kuwa magurudumu yake makubwa ni matano kila upande, na kwamba kati ya la kwanza na la pili pana nafasi iliyozidi nafasi nyingine, kama pengo katika meno ya mtoto.

Mabadiliko hayo ya mapenzi hayakuwa ya Majengo peke yake. Ng'ambo, ambako watu wazima hununua vifaru vya plastiki vilivyo vipandevipande ndani ya masanduku, wakaviunganisha kwa gundi na kuvipaka rangi, njia ilipitia vituo vivyo hivyo. Kampuni ya Tamiya ya Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilitoa kifaru cha Kijerumani cha Panther chenye mota ndani. Kipimo chake, moja kwa thelathini na tano, kilichaguliwa ili betri zipate kuenea. Baadaye watu wengi waliacha kujali mota, kipimo kikabaki, na leo maelfu ya vitu hutengenezwa kwa kipimo kilichozaliwa na betri. Mwendo ulipokwisha thamani ukaja usahihi, watu wakahesabu ribiti moja moja. Kisha wakaja mafundi kama Shepard Paine wa Marekani na François Verlinden wa Ubelgiji, wakawafundisha wenzao kuwa chombo cha vita kisicho na tope, kutu na mkwaruzo ni chombo kilichotoka dukani. Aghalabu vifaru vya Wajerumani ndivyo vilivyopendwa kupita vyote. Siku hizi masanduku ya vyombo vya vita nyingine, hata T-54 na Type 59, nayo yameongezeka.

Mpwa wa fundi, mhandisi aliyesoma Ulaya na kubaki huko kikazi, ni mmoja wa watu hao. Alipokuja likizo alileta Tiger moja, kazi ya miezi mitano, imefungwa katika sufu ya pamba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hebu tuone."

Fundi alikigeuza kifaru mwangani muda mrefu. Mtu aliyeishi na bati hadanganyiki kwa kutu. "Kutu umeijua," akasema. "Umeianzisha penye mshono na penye mkwaruzo, ndipo inapoanza. Na tope hili?"

"La Urusi, mjomba. Majira ya mvua."

"Jeraha zote za chuma umezikumbuka. Watu je?"

Mpwa hakukasirika, maana swali hilo alikuwa amewahi kujiuliza. Akajibu kuwa sanamu za watu huharibu kazi. Jicho huacha chuma likatafuta sura. Tena, akasema, yeye hakuichagua Tiger kwa kuwapenda walioiendesha, bali kwa ugumu wake, kwa magurudumu yake yaliyopandiana, na kwa raha ya kushinda jambo gumu. Fundi hakubisha. Yeye mwenyewe, akasema, kwa miaka mingi aliupenda mzinga ulioinuliwa, wala hakuwa na haja ya kujua ulikuwa umeelekezwa kwa nani.

Likizo iliyofuata mpwa alileta sanduku la Type 59. Walifanya kazi pamoja juma zima, mmoja kwa kijikoleo na miwani, mwingine kwa vidole vilivyozoea nyundo. Kiwiliwili kilichokuwa cha mita sita kikawa cha sentimita kumi na saba. Pengo la magurudumu lilikaa mahali pake. Ndipo mpwa alipoinua macho rafuni akakiona kile cha zamani, cha debe na malapa, akahesabu magurudumu yake sita yaliyopangwa sawasawa.

"Mjomba, tukitoe kile tukirekebishe. Kazi ya siku moja."

"Hicho kiache. Kilitengenezwa na mtoto aliyekuwa akingoja mtu. Ukikiweka sawa, itakuwa kama hakungoja."

Katika masanduku ya mpwa hamkuwa na mwanamgambo. Fundi akachukua waya mwembamba, ule wa kufungia karatasi za bati, akaukunja mara chache, akaupaka risasi kidogo kwenye viungo, na katika jioni mbili akapata mtu wa sentimita tano, ambazo kwa kipimo kile ni urefu wa mtu mzima. Mgongoni alimpa furushi. Hakumweka juu ya kifaru, wala hakumweka mbele yake. Alimweka ubavuni, anatembea. Wengi wa askari wa Tanzania katika vita ile walikwenda kwa miguu, na safari ya kutoka Mutukula hata Kampala si fupi.

Yamkini huko ndiko mapenzi ya watengenezaji wa vifaru yanakoelekea yakiachwa yafike mwisho wake. Mtu hupenda umbo kwanza, kwa kuwa umbo ndilo linalotisha. Kisha hupenda mwendo, kwa kuwa mwendo ni uwezo. Kisha usahihi, kwa kuwa usahihi ni elimu. Kisha kutu na tope, kwa kuwa hizo ni dalili za mambo yaliyopita. Lakini kutu ni kumbukumbu ya chuma, na chuma hakikuagwa na mtu mlangoni. Anayeendelea kutengeneza kwa uaminifu, bila kuharakisha na bila kujisifu, huenda siku moja akajikuta mikononi mwake ana kitu ambacho hakukikusudia alipoanza: mtu mdogo, mwenye furushi, anayekwenda kando ya chombo kikubwa. Na asiyefika huko hajakosa, maana wengi huacha njiani wakiwa bado hawajafiwa.

Kazi ilipokauka, mpwa alisafisha nafasi rafuni karibu na kile cha bati, akauliza vikae vipi.

"Hiki kiweke utakavyo," akasema fundi, akigusa kifaru. Kisha akamshika mtu wa waya kwa ncha za vidole. "Huyu mwelekeze mlangoni."