Tofauti ya Milimita 14.3

Gari la mzee lilikaa juu ya mawe nyuma ya nyumba yetu Loresho tangu mwaka nilioacha chuo. Mambo hayo mawili hayahusiani, lakini kwa Mama yalihusiana. Kila akienda kuanika nguo aliliangalia gari, halafu akaniangalia mimi niliyeketi kwenye veranda na laptopu, nikiandika makala ya watu ambao hulipa wakijisikia. Hakusema kitu. Alikuwa anatuhesabu tu, moja, mbili.

Ni Subaru Impreza WRX ya 1998, ile yenye buti refu. Baba aliinunua 2005 ikitoka Japani, ikiwa na miaka saba, mmoja chini ya ile minane ambayo sheria inaruhusu. Ukimuuliza kwa nini hakununua Corolla kama walimu wenzake, atakwambia habari za Colin McRae na Safari Rally ya 1997. Ukikosea ukaonyesha kwamba unasikiliza, atakuongezea Richard Burns na ile ya 2000. Shimo moja la Waiyaki Way, usiku wa mvua, lilipinda rimu mbili, tairi zikapasuka, akaegesha akisema atashughulikia mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukafika na barua ya pensheni ambayo haikuwa na anachotarajia. Gari likapanda mawe.

Mimi nilikuwa nasoma uhandisi. Niliacha mwaka wa tatu. Sababu nikizitaja hapa zitaonekana kama visingizio, na kwa Baba sikuwahi kuzitaja kabisa. Yeye naye hakuuliza. Tuliishi nyumba moja karibu miaka miwili tukizungumza habari za maji, tokeni za stima na mbwa wa jirani.

Halafu binamu yangu akauza Mark X yake. Mnunuzi alitaka rimu nyingine, kwa hivyo zile za zamani, nne, za inchi 17, tairi zikiwa bado na meno, akaniachia bure. Nikaona njia. Nitalishusha gari kwenye mawe, nitampa mzee ufunguo, na labda tutaongea.

Rimu hazikuingia.

Hapa nieleze kidogo. Bolti za gurudumu zimepangwa kwenye duara, na kipenyo cha duara hilo ndicho mafundi huita PCD. Impreza ya zamani ina bolti 5 kwenye duara la milimita 100. Mark X ina 5 kwenye duara la 114.3, ambazo ni inchi nne na nusu. Bolti zikiwa tano huwezi kupima moja kwa moja upande hadi upande, kwa sababu hakuna mbili zinazotazamana. Unapima kati ya mbili zilizo jirani, halafu unagawanya kwa 0.588. Kwenye gari nilipata karibu 59, kwenye rimu 67. Hesabu hiyo ni sine ya digrii 36 tu, ya shule ya upili, lakini niliifanya kwenye karatasi mara mbili. Ilikuwa muda mrefu sijafanya hesabu inayohusu kitu ninachoweza kushika.

Nikaenda Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Muuzaji wa kwanza alinipa jibu la kweli: badilisha habu. Subaru wenyewe waliihamisha STI kwenda 114.3 kuanzia modeli ya 2005. Lakini habu haiji peke yake. Inakuja na chuma chake kinachoishikilia, beringi, diski na breki za Brembo, mbele na nyuma. Alipotaja bei nilicheka, naye akacheka, tukaagana vizuri.

Wa pili aliniuzia adapta. Ni bamba nene la alumini, langu lilikuwa milimita 20. Unalifunga kwenye bolti za gari kwa nati zake, na lenyewe lina bolti zake za 114.3 za kushika rimu. “Dakika thelathini, bosi, unaenda nyumbani,” akaniambia. Na kweli zilikuwa dakika thelathini. Nilizifunga mwenyewe kwa spana ya kawaida, nikikanyaga kwa mguu. Gari likashuka. Lilikuwa limetokeza magurudumu nje kama mtu aliyetanua viwiko, na ukipakia watu tairi zilisugua fenda, lakini lilikuwa chini. Mama alipiga makofi. Baba alilizunguka mara moja, akainama, akaangalia gurudumu la mbele kulia, akaingia ndani.

Jumamosi iliyofuata nilimpeleka dada yangu mdogo tauni. Tukipita Kangemi usukani ukaanza kutetemeka. Kwanza kidogo, nikadhani ni barabara. Halafu nikasikia mgongo wa chuma, ta-ta-ta, na dada akaacha simu akaniuliza, “Hiyo ni nini?” Nikaingia pembeni kwenye kituo cha matatu, makanga wananitukana. Nati za rimu zilikuwa zimekaza sawasawa. Nilipotoa gurudumu ndipo nikaona: nati za adapta, zilizojificha nyuma yake, tatu zilikuwa zinazunguka kwa vidole. Bolti mbili zilikuwa zimeliwa. Hiyo ndiyo shida ya adapta. Ina nati ambazo huwezi kuziona wala kuzikagua bila kutoa gurudumu, na kama hukuzikaza kwa kipimo zinalegea pale gizani, wewe ukiangalia zile za nje na kujisifu.

Dada yangu alikuwa na miaka 16. Alikaa kwenye kingo ya barabara akila njugu, haelewi kwamba nilikuwa nimeshikilia fenda kwa sababu miguu haikuwa na nguvu.

Gari lilivutwa hadi nyumbani. Jioni Baba akatoka nje. Nilijua sasa yatatoka yote: gari, chuo, karo, miaka. Akauliza, “Ulikaza kwa ngapi?”

“Kwa mguu,” nikasema.

Akanyamaza. Halafu akaenda stoo akarudi na spana ya kupima nguvu, ile inayolia ka! ikifika kipimo, imefungwa kwa kitambaa cha shuka. Sikujua tunayo. Alikuwa ameinunua mwaka uleule wa gari.

“Hukuniuliza,” akasema.

“Na wewe hukuniuliza,” nikamjibu. Hatukuwa tunazungumza habari za nati tena, na sote tulijua. Alikaa juu ya jiwe mojawapo la yale manne. Nikamwambia sababu zangu, kwa mara ya kwanza, nikiangalia diski ya breki. Hakusema nilifanya vyema. Alisema, “Ungeniambia mapema,” na hilo nilistahili.

Suluhisho lilikuwa lake. Gari libaki lilivyo, tubadilishe rimu. Kuna Toyota nyingi Nairobi zenye 5 kwa 100: Premio, Wish, Caldina. Tatizo ni tundu la katikati. La Toyota hizo ni milimita 54.1, na habu ya Subaru ni 56.1. Milimita mbili tu, na rimu haikai. Kwa hivyo tuliuza zile za Mark X kwa ruhusa ya binamu, tukanunua za Caldina za inchi 16, tukazipeleka kwa fundi wa mashine ya kuchonga vyuma. Akapanua matundu manne kwa milimita hizo mbili, asubuhi moja, huku Baba amesimama nyuma yake na kalipa ya kupimia. Nati tulinunua za Subaru, za uzi wa 1.25, zenye mdomo unaolingana na rimu. Za Toyota zina uzi wa 1.5, na ukizilazimisha kwa mashine ya upepo zitaingia na kukuharibia bolti.

Bolti zilizoliwa tulibadilisha pamoja. Nilikaza kwa mpangilio wa nyota, kwa 100, na kila ka! mzee alikuwa anatikisa kichwa kama anahesabu.

Sijarudi chuo. Mama bado anatuangalia akienda kuanika nguo, lakini sasa anahesabu mmoja tu. Siku ya kwanza Baba aliendesha mwenyewe hadi Limuru na kurudi. Aliporudi alinirushia ufunguo, akasema kabla hajaingia ndani:

“Kilomita themanini. Kaza tena.”