Mcheza Kwao Hutunzwa na Nani?

Wahenga wametuachia methali isemayo, "Mcheza kwao hutunzwa." Twaitamka mara nyingi kumsifu msanii anayeenziwa na watu wa nyumbani. Lakini neno kutunza, ndugu msomaji, lina nyuso mbili. Kumtunza mchezaji ni kumpa zawadi. Kutunza kitu ni kukilinda kisipotee. Kwa miaka mitatu nimejitolea, pamoja na vijana wenzangu, kuwapeleka wapiga ngoma wazee katika shule za Magu, na kazi hiyo imenifunza kwamba uwanjani maana hizo mbili ni moja.

Kisesa, kando ya barabara itokayo Mwanza kuelekea Musoma, kuna kilima cha Bujora. Hapo Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianza katika miaka ya 1950 kuipa ngoma ya Kisukuma nafasi katika ibada, na hapo pana Makumbusho ya Wasukuma. Kila mwaka, ifikapo sikukuu ya Ekaristi, mara nyingi mwezi Juni, hufanyika sherehe ya Bulabo, ambapo vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana.

Kanuni ya mashindano hayo ya jadi ni ya ajabu. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Huku nyimbo mpya za utani, kule majembe yakirushwa hewani katika Bugobogobo, ngoma iliyozaliwa shambani. Aliyevuta watu wengi zaidi ndiye mshindi. Hakimu ni mguu wa mtazamaji. Basi ngoma hii ikikosa watazamaji wanaoielewa, haipungukiwi mashabiki tu; inapoteza mahakama yake.

Wahindi nao walikabiliwa na hofu kama hiyo. Mwaka 1977 Kiran Seth, mhadhiri wa Taasisi ya Teknolojia ya India mjini Delhi, alianzisha chama cha SPIC MACAY, ambacho kwa nguvu za watu wanaojitolea huwapeleka mabingwa wa muziki na ngoma za kale, kama vile Kathak na Bharatanatyam, mbele ya wanafunzi. Shabaha yake si kumfanya kila mtoto awe mpiga sitari, bali kumpa kila mtoto sikio. Niliposoma habari zake, nilipata jina la kile tulichokuwa tukikitafuta Magu kwa nauli za mifukoni mwetu.

Si wote wanaotupokea kwa furaha. Mzazi mmoja alituambia kwamba ngoma ni mambo ya waganga. Hakutusingizia: majina ya Bagika na Bagalu yanahusishwa na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, na dawa za kuvuta watu zilikuwa silaha ya uwanjani. Tulimjibu kwamba sisi hatubebi dawa. Tunabeba ngoma mbili na mzee mmoja. Mwanawe aliruhusiwa kukaa nyuma, karibu na mlango.

Siku hiyo mzee, ambaye wanafunzi humwita Babu, aliimba wimbo wa utani kwa Kisukuma. Nusu ya darasa wakaangua kicheko. Nusu, watoto waliokulia katika Kiswahili tu, wakatazamana. Msichana mmoja akasimama.

"Shikamoo, Babu. Umesema nini?"

"Marahaba, mjukuu wangu."

Mwenzetu mmoja akataka kutafsiri. Mzee akamzuia kwa mkono. "Mwache aliyecheka amweleze asiyecheka."

Ukazuka mjadala ambao mwalimu yeyote wa lugha angeutamani. Neno moja liliwagawa. Huyu alisema ni mvivu. Yule akakataa: mvivu halimi kabisa, ilhali huyu wa wimbo analima, ila macho yake yako barabarani. Kiswahili chao kilinyooshwa mpaka kikafika. Kisha wimbo ukarudiwa, na safari hii darasa zima likacheka, hata mlangoni.

Tulipokuwa tukisubiri gari la kurudi, nilimuuliza mzee kwa nini alikataa tafsiri. Akasema, "Wasipocheka wenyewe, nitajuaje kama nimeshinda?"

Tangu hapo nimeacha kuipima kazi yetu kwa idadi ya wapiga ngoma wapya, ambao hadi leo ni watatu. Makumbusho yanaweza kuihifadhi ngoma isiliwe na mchwa, nayo ni kazi njema. Lakini zawadi ya mchezaji hutoka kwa mtu anayejua kilichochezwa. Bulabo iliyopita niliwaona baadhi ya wanafunzi wale pale Bujora. Walikuwa wamesimama katikati ya uwanja, kati ya makundi mawili, wakibishana waende upande gani.