Ua Uchaguliwe Wakati wa Kiangazi



Mwezi wa Machi kila mtu huku kwetu Unyamwezi ni fundi wa bustani. Mvua imekuwa ikinyesha tangu Novemba, na hata mti uliochomeka kwa kufungia mbuzi unachipua. Basi, ndugu msomaji, ukipita kwa jirani ukaona ua wake umependeza, usiombe vipandikizi siku hiyo. Rudi mwezi wa Septemba, wakati baridi ya kipupwe imekwisha pita, majani yamekauka, na upepo unatupa vumbi mpaka ndani ya chungu. Kitakachokuwa kijani siku hiyo ndicho cha kuomba.

Mimi sikungoja Septemba. Nilipojenga nyumba yangu nilipanda lantana, kwa sababu ya maua yake mekundu na manjano. Mzee mmoja akanicheka. Akanieleza kwamba majani yake ni sumu kwa ng'ombe, na kwamba kichaka chake kikishanenepa mbung'o hupata mahali pa kujificha. Tena ndege hula matunda na kuzimwaga mbegu mashambani mwa watu. Nikaing'oa. Mpaka leo naikuta inachipua penye mihogo.

Baada ya hapo nikapanda minyaa, kama babu zetu. Mnyaa hauna majani ya kutajika. Vijiti vyenyewe ndivyo vya kijani, navyo hufanya kazi ya majani, ndiyo maana jua haliuwezi. Ukate tawi, uliache kivulini siku chache mpaka kidonda kikauke, kisha ulichomeke. Mbuzi hawaugusi. Kwa miaka mitatu nilijisifu kwa ua wangu, na labda nilijisifu kupita kiasi.

Agosti ya mwaka 2016 mtoto wetu wa tatu alivunja kijiti cha mnyaa akicheza, na utomvu wake mweupe ukamrukia machoni. Nilimsikia kutoka shambani. Wasomaji wengi mnaujua utomvu huo: ngozi huiunguza, na jicho huweza kulipofusha. Mama mmoja akashauri tumtie maziwa ya mzazi, mwingine akataja dawa ya majani. Mke wangu hakuwasikiliza. Alimlaza mtoto, akamfungua kope kwa vidole, akammiminia maji safi, mtungi mzima, huku mtoto akipiga mateke. Ndipo nikampakia kwenye baiskeli, tukaenda zahanati. Mganga alisema maji yale ya kwanza ndiyo yaliyomsaidia zaidi. Akamwosha tena, akampa dawa, akamfunga macho.

Siku tatu hatukujua kama ataona. Tulisali rozari kila jioni, naye akiitikia amefungwa kitambaa. Siku ya nne aliniambia shati langu limechanika begani. Nilikwenda nje nikalia.

Nilitaka kung'oa minyaa yote siku ile ile. Mke wangu akaniuliza, “Baba, ng'ombe utawazuia kwa nini?” Alikuwa na haki. Tukaing'oa iliyokuwa karibu na nyumba, tukaiacha inayozunguka zizi, na watoto wote tukawaonyesha hatari yake. Mimi ninapoipogoa husimama upande upepo unakotoka, nao hukaa mbali.

Karibu na nyumba sasa kuna bogonvilia. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na jina lake ni la baharia Mfaransa, Bougainville. Kile kinachong'aa chekundu au zambarau si ua hasa, ni majani; ua lenyewe ni dogo, jeupe, limo katikati. Kiangazi ndicho kinachoupendeza mmea huu. Ukiumwagilia mno utakupa majani matupu. Una miiba, kweli, lakini mwiba hutolewa kwa sindano.

Nilijaribu pia isale. Mwaka 2011 nilifika Kilimanjaro, nikaona Wachaga wanavyopanda isale kwenye mipaka ya vihamba. Kwao si mapambo tu: aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la isale kumwomba msamaha. Nilivutiwa, maana mimi na jirani tulikuwa na maneno juu ya mpaka wetu. Nikabeba vipande vinne. Vitatu jua la Tabora liliviua pale pale mpakani. Cha nne nilikipanda chini ya mwembe, maji ya kuogea yanapopita, nacho kimestawi. Jirani aliposikia habari ya jani alicheka sana, tukapima mpaka kwa hatua, yakaisha.

Limebaki kaburi la mama yangu. Tarehe 2 Novemba, tunapowakumbuka Marehemu Wote, mara nyingi mvua bado haijafika, na maua tuliyopanda masika yamekuwa makapi. Tulipanda shubiri. Majani yake manene huweka maji, nayo haidai kitu kwa mtu. Mwaka jana ilikuwa kijani katikati ya udongo mkavu. Mama mmoja alisimama kando, akitazama kaburi la mwanawe, jipya, halina hata jani. Mke wangu akachimbua vichipukizi vitatu shinani, akampa, akamwambia asivimwagilie mno.