Mvua, kahawa na herufi r

Leo tuweke kando mambo ya hifadhidata, tuzungumze kahawa. Mjomba wangu analima kahawa karibu na Karatina, na ana daftari la miaka 10: mvua ya kila mwaka kwa milimita, na kilo alizopeleka kiwandani. Anataka kuchukua mkopo anunue pampu na tangi. "Mwaka wa mvua nyingi, kilo nyingi. Si umesomea kompyuta, mpwa wangu? Thibitisha."

Nikaingiza namba kwenye lahajedwali, nikaandika =CORREL. Jibu: r = 0.58. Mjomba akatabasamu. Mimi bado, maana r peke yake haisemi kitu mpaka ujue imetokana na jozi ngapi. Chukua jozi 3 tu za namba za kubahatisha: karibu nusu ya majaribio yatakupa r inayozidi 0.7, iwe chanya au hasi!

Swali ni hili: kama mvua na kilo havihusiani kabisa, bahati ingeweza kunipa r kubwa hivi mara ngapi? Hesabu yake ni fupi:

t = r × √((n − 2) / (1 − r²))

Kwa miaka 10, t ni 2.01. Digrii za uhuru ni 8, na kwa kiwango cha asilimia 5 jedwali linadai 2.306. Haifiki. =TDIST(2.01,8,2) inatoa takriban 0.08. Kama r hiyo hiyo ingetoka kwa miaka 20, t ingekuwa 3.02 na mpaka 2.101, ikapita bila ubishi. (Jedwali hili asili yake ni William Gosset wa kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, aliyeandika mwaka 1908 kwa jina la "Student".)

"Kwa hiyo hakuna uhusiano?"

La, mjomba. Ushahidi haujatosha, basi.

Kinachonisumbua zaidi hakimo kwenye fomula. Mbuni ukizaa sana mwaka huu, mwaka ujao hupumzika, kwa hiyo miaka 10 si mashahidi 10 wanaojitegemea, na kipimo hiki kinadhani ndivyo walivyo. Tena kahawa huchanua mvua inapofuata kiangazi. Jumla ya mwaka inaficha hilo. Mvua ikizidi wakati wa baridi, ugonjwa wa matunda huvamia, na miti yake ni SL28, si Ruiru 11.

Tumekubaliana mkopo usubiri. Natafuta mvua ya mwezi kwa mwezi. Jirani yake naye ana daftari refu zaidi, ila mavuno aliyaandika kwa debe.