Hesabu ya Wagonjwa

Mwanafunzi anayetafuta shahada ya juu katika epidemiolojia na takwimu za tiba hukaa siku nyingi mbele ya tarakimu. Hagusi mgonjwa wala hatoi dawa. Pengine moyo humwuliza: Je, kazi hii ni utabibu au ukarani?

Jibu limo katika maisha ya Austin Bradford Hill, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1897. Alitamani kuwa tabibu, lakini katika vita vya kwanza vya dunia kifua kikuu kilimshika, kikamlaza muda mrefu. Mlango wa utabibu ulipofungwa, alisoma uchumi kwa njia ya posta, kisha akajifunza takwimu. Mwaka 1948 yalitangazwa matokeo ya jaribio la streptomisini, ambalo hesabu zake alizipanga yeye. Dawa ilikuwa haba, haikuweza kuwatosha wote. Basi wagonjwa 107 wa kifua kikuu waligawanywa kwa kura. Katika miezi sita, kati ya 55 waliopewa dawa walikufa 4. Kati ya 52 waliopumzishwa kitandani tu walikufa 14.

Tarakimu hizo chache zilikata shauri ambalo maneno mengi hayakuweza kulikata. Lakini wale 14 si wino mtupu. Kila mmoja alikuwa mtu mwenye jina na jamaa. Huruma isiyo na hesabu hupotea njia, na hesabu isiyo na huruma humsahau mwenyewe. Mwanafunzi na ahesabu kwa uaminifu, akijua kuwa anahesabu watu.