Jumapili Berlin, Mkate Upo Wapi?

Ukipata ufadhili wa kusoma Ujerumani, kila mtu atakuonya kuhusu baridi. Mimi nakuonya kuhusu Jumapili. Siku hiyo Berlin inafungwa: supamaketi, maduka ya nguo, karibu kila kitu, na hakuna Mangi wa kumgongea dirishani akuuzie mkate na mayai mawili. Si uvivu, ni sheria. Katiba yao ya mwaka 1919 iliilinda Jumapili kama siku ya mapumziko, na katiba ya 1949 inayotumika mpaka leo ikakichukua kifungu hicho kama kilivyo.

Kwa mwanafunzi mgeni, siku hiyo ni ndefu si mchezo. Vipindi hakuna, jirani zako wa hosteli wameenda kwao, na ukishamaliza kuongea na nyumbani kwenye simu unabaki wewe na kuta. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa naanza kuihofia Jumapili tangu Ijumaa jioni. Kilichonitoa chumbani ni njaa.

Kumbe bekari zinaruhusiwa! Tangu 1996 sheria imewapa waokaji saa chache za kuuza mikate Jumapili, na mwaka 2019 mahakama ya juu ya shirikisho ikaamua kwamba bekari yenye meza na viti vya wateja inaweza kuuza hata nje ya saa hizo. Lakini kuwa wazi ni jambo moja, kuwa na mkate mzuri ni jingine. Nyingi, hasa za stesheni, zinaletewa maandazi na mikate iliyokandwa kiwandani na kugandishwa, wao wanamalizia tu kuoka.

Nilizunguka sana hadi nikajua dalili za bekari nzuri. Foleni imetoka nje ya mlango, na imejaa wazee wenye mifuko ya kitambaa. Aina za mikate ni chache. Ikifika saa tano asubuhi trei zimebaki makombo. Halafu Jumatatu imefungwa, maana na mwokaji naye ni binadamu. Beba fedha taslimu, nyingi hazitaki kadi. Na kale kamkate kadogo ka asubuhi usikaite Brötchen kama kitabu cha lugha kinavyosema; Berlin kanaitwa Schrippe. Siku nilipoagiza Schrippe mbili, mama muuzaji aliacha kunijibu kwa Kiingereza. Yaani nilitembea barabarani kama nimefaulu mtihani.

Bekari iliyoniokoa hasa, hata hivyo, iko Neukölln, mtaa wa Sonnenallee, ambako Waarabu wengi wana maduka. Pale wanaoka mikate bapa yenye zaatari na ufuta, na Jumapili pamejaa familia. Kiarabu sijui. Lakini nikiwa kwenye foleni nikamsikia muuzaji akimhesabia mteja mikate, na masikio yangu yakanasa sita, saba, kisha tisa, karibu kabisa na zetu. Nikasikia sukari, nikasikia kahawa. Zamu yangu ilipofika nikamhesabia kwa Kiswahili. Kwenye nane tukapotezana, tukacheka wote wawili, akaniongezea mkate mmoja wa bure na kuniuliza kwa Kijerumani kibovu kama changu natoka wapi. Ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya kwanza ya Jumapili katika mji ule. Baada ya hapo nilienda kila wiki, na akiniona anaanza yeye: "Sita, saba..."

Kwa hiyo, wewe unayejaza fomu za ufadhili sasa hivi, koti nunua, lakini Jumapili yako ya kwanza usijifungie ndani. Toka kabla ya saa nne, fuata foleni, na hata kama lugha haijakaa sawa, agiza kwa mdomo, usinyooshe kidole tu. Mkate utauisha siku hiyo hiyo. Mtu anayekujua kwa sura utakuwa naye muhula mzima.